Vita vya Kasyoka na Ndevu za Chujio

Njooni, enyi watu wa Voi, nanyi wa Ronge kwenye baridi ya milimani mliozoea kutucheka kwa joto letu. Epueni sufuria, tulizeni watoto, mzisikie habari za Kasyoka binti Muinde, Mshika Reki, Ngao ya Mto, mwanamke asiyetetemeshwa na harufu.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya mabwawa ya majitaka, pale ambapo uchafu wa mji mzima hupumzika bwawa hata bwawa, mpaka maji yatakate ndipo yaruhusiwe kuingia mtoni. Mbele ya bwawa la kwanza husimama chujio la vyuma, ambalo Kasyoka ameajiriwa kulisafisha kwa reki yake, nalo huzuia kila kisichostahili kupita: matambara, chupa, na mara moja meno ya bandia ambayo hadi leo hayana mwenyewe. Hapo ndipo adui alipojificha asubuhi hiyo. Maji yalikoma kupita, yakajaa, yakabakisha upana wa kiganja kuufikia ukingo. Na ng'ambo ya ukingo huo, jamani, hapana bwawa tena. Ni mteremko, kisha mto, na huko chini mtoni, bustani ya Priscilla.

Naye Priscilla, wifi yake Kasyoka, Malkia wa Sukuma Wiki, alikwisha kufika mbio, leso mkononi.

"Wifi!" alinguruma. "Kesho ni siku ya soko! Uchafu huu ukiingia mtoni, nitanyweshea mboga nini, na atakayezila ni nani? Kaka yangu alikuoa kwa kusikia una nguvu!"

"Kaka yako," akanena Kasyoka, akivaa gambuti la kushoto kwa utulivu wa jemadari, "alinioa kwa ajili ya chapati. Lakini leo, wifi, mbingu na zishuhudie: halitavuka hata tone nikiwa hai."

"Basi vaa na la kulia!"

Reuben, Simba wa Lango, mlinzi ambaye hajapata kuiacha chai yake ipoe, akapaza sauti kutoka mbali: "Kasyoka, shambulia! Mimi nalinda nyuma!"

Akashambulia. Reki ilizama, ikanasa, ikavuta. Adui naye akavuta. Mpini ukalia, ukapinda, ukavunjika, na Ngao ya Mto ikaketi matopeni kwa kishindo kilichowarusha korongo. Maji yakaulamba ukingo.

Ndipo Kasyoka akalala kifudifudi, akatumbukiza mikono hadi mabegani, huku wifi yake akimshika miguu.

"Vuta!"

"Nikuvute wewe au uchafu?"

"Vuta chochote!"

Wakavuta kwa kilio kimoja, na zikatoka: ndevu ndefu, nzito, za kijivu, kama za jitu lililozama likingoja kunyolewa. Maji yakanguruma kuelekea bwawani. Ukingo ukasalimika. Reuben akainua kikombe.

Lakini ndevu zile zilikuwa katani, tena zimefungwa kwa kitambaa cha leso chenye maua ya manjano. Kasyoka akakitazama kitambaa. Akaitazama leso ya Priscilla, yenye maua ya manjano, isiyo na pembe moja.

"Bomba limekauka wiki nzima, wifi," Priscilla akasema polepole. "Na katani isipolowekwa haisokoteki. Nyuma ya nyumba mfuniko wa mtaro wa majitaka umelegea, maji yanapita bure..."

"Uliloweka katani ya kusukia kiondo kwenye majitaka?"

"Niliifunga vizuri isichukuliwe na maji!"

"Kiondo cha nani?"

Priscilla akainamisha kichwa. "Chako. Zawadi ya Krismasi."

Kasyoka akaikumbatia katani ile pamoja na uchafu wake.

Kiondo hakikusukwa. Katani ile ilioshwa, ikaoshwa tena, ikasokotwa kamba, nayo ndiyo inayoshikilia mpini wa reki hata leo. Sukuma wiki ilifika sokoni imesimama wima. Basi wana wa wana wetu na waambiwe: siku hiyo mto wa Voi ulipita bila kujua lolote, naye aliyeuokoa akarudi nyumbani kwa shangwe, akapokelewa mlangoni na mumewe, akaambiwa aogee nje.