Tembo, Punda na Kura Zetu Mbili

Jumapili, 16 Oktoba

Joto la Muscat limepungua. Amani ya nyumbani pia.

Karatasi za kura zimefika kwa barua pepe kutoka Ohio, yangu na ya mke wangu Wambui. Sisi ni Wakenya kwa kuzaliwa, Wamarekani kwa kuapishwa, na kwa sasa wapangaji wa Bwana Jaifar hapa mtaa wa Hamriya. Mimi nafundisha usalama kazini kwenye kampuni ya ujenzi. Yeye anafundisha hesabu. Tunapiga kura kwa posta.

Kule kuna vyama viwili vikubwa, kimoja nembo yake tembo, kingine punda. Mimi ni tembo. Siku niliyoapishwa uraia, mama mmoja wa tembo alinipa donati mbili. Punda nao walikuwa na meza, lakini donati zao zilikuwa zimeisha. Tangu siku hiyo sijayumba.

Leo kwenye chai nikasema sisi tembo tutashinda. Wambui akauliza sisi nani. Yeye mwaka huu ni punda. Nikamuuliza tangu lini. Akasema mara iliyopita alikuwa tembo na mara ya kabla yake punda. Husoma kwanza, kisha huamua. Husoma! Miaka yote hii nimelala kitanda kimoja na mtu asiye na chama.

Maana yake kura yangu na yake zinauana. Nyumba yetu ni sifuri.

Jumanne, 18 Oktoba

Mpango umekamilika. Nimempendekezea Wambui mapatano: kwa kuwa kura zetu zinauana, hakuna haja ya yeyote kupiga. Tuokoe gharama ya posta. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, lakini alikubali kabla sijafika kwenye aya ya pili.

Alitaka tuape. Vizuri sana! Nikaapa kwa Kiluo, kwamba sitapiga kura nikiwa nimesimama. Kiluo cha Wambui ni cha harusi na matanga tu. Nitapiga nikiwa nimekaa. Naye akaapa kwa Kikuyu. Kiapo kirefu. Sikuelewa hata neno, ila sura yake ilikuwa nyofu.

Baadaye Atieno alipiga simu. Ni binti yetu, mkutubi wa maktaba ya mji wetu kule. Alianza kunieleza jambo fulani la kazini. Nilikuwa na mawazo mengi, nikampa mama yake simu. Waliongea mpaka chai ikapoa.

Nikamdokezea Jaifar mpango wangu. Wazee wake walitoka Unguja, na Kiswahili chake kinanipendeza kuliko ushauri wake. Akasema, "Khiyana hiyo, bwana. Tena mie nnamuona mkeo anacheka peke yake ngazini." Nikamwambia hii si khiyana, ni siasa. Akaniuliza tofauti yake. Nikaaga.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nimepiga kura! Sikuthubutu kuchapisha nyumbani, mashine yetu hulia kama jenereta. Nilikwenda kwenye duka la kuchapisha la Mugerwa, kijana wa Kiganda, nyuma ya mafundi cherehani. Nikaomba kiti. Nikakaa kabisa, mgongo ukagusa. Kiapo ni kiapo.

Nikatia alama kwa kila tembo niliyemwona. Sikusoma jina hata moja. Mtu akianza kusoma, ameshaanza kusaliti. Nikasaini, nikafunga bahasha, nikajisikia raia.

Mugerwa akasema karatasi hii ameiona. Jumanne mama mmoja Mkenya, mwenye miwani ya kamba, alichapisha kama hiyo hiyo. Miwani ya kamba! Jumanne! Siku ya kiapo! Nikamuuliza aliijaza akiwa amekaa? Hapana, akasema, alimpa kiti, mama akakikataa katakata. Alijaza amesimama, na wateja wakampisha kaunta.

Sasa najua alichoapa kwa Kikuyu.

Nimeumia. Mtu unamwamini, unamwapia, kumbe mwenzako ni laghai.

Ijumaa, 21 Oktoba

Siwezi kumshtaki bila kujishtaki. Kwa hiyo nimempeleka ufukweni Yiti kula samaki, ili dhamiri imsute yenyewe. Bahari ilitulia, samaki alikuwa mtamu, dhamiri haikutokea.

Nikamsimulia kisa cha bwana mmoja wa Kisumu ambaye mkewe alivunja kiapo. Nilikitunga njiani. Wambui akauliza huyo bwana yeye alikuwa amefanya nini. Nikasema hakuwa na kosa lolote. Akasema angependa sana kumwona mwanamume huyo, kwa kuwa hajawahi kukutana na wa aina hiyo. Kisha akala jicho la samaki, ambalo anajua ni langu.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mpango mpya. Kura zetu zimeuana tena, basi tembo anahitaji kura ya tatu. Nikamkumbuka Beryl, muuguzi hapa Muscat, Mkenya mwenzetu aliyetoka mji ule ule wa Ohio. Ameandikishwa lakini hajawahi kupiga kura. Ardhi tupu, haijalimwa!

Nilimwalika chakula. Nilipika mwenyewe. Nikamwambia kura moja inaweza kubadilisha maisha ya mtu asiyemjua. Nilisema vizuri mpaka nikasisimka mwenyewe. Beryl alilengwalengwa na machozi. Akasema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yeye anahesabika. Akauliza ampe nani. Nikamwambia tembo. Akauliza kwa nini. Nikamweleza habari za donati.

Akanitazama kidogo, kisha akaenda kumuuliza Wambui.

Walikaa kwenye kochi langu alasiri nzima wakisoma habari za wagombea, mmoja baada ya mwingine, huku mimi nikiwapelekea chai. Mwishowe Beryl amechagua punda huku na tembo kule, kama anachanganya kachumbari. Akanishika mkono kwa mikono miwili akisema nimemfungua macho.

Jumatano, 9 Novemba

Tumeshinda! Tembo wamechukua kiti cha wilaya yetu kwa kura nyingi mno. Nyingi kiasi kwamba sisi watatu tungeweza kulala. Sikulitilia maanani hilo. Nilizunguka sebuleni nikiimba.

Wambui akanipongeza. Kisha, akikunja nguo, akauliza kama kiti cha Mugerwa kilinifaa mgongo.

Nikasema, kwa heshima niliyobaki nayo, kwamba angalau mimi sikumsumbua mtu kaunta. Akacheka mpaka akaangusha shuka. "Baba Atieno," akasema, "tumedanganyana kwa lugha mbili na bado hatukuweza kufichana." Nami nikacheka. Tulicheka kama siku za kwanza, tulipokuwa na godoro moja na sufuria moja.

Nimemsamehe. Hakuniomba, lakini nimemsamehe.

Jumanne, 22 Novemba

Wambui alikuwa jikoni akikata vitunguu, simu imeegemea birika. Hesabu ya mwisho ilikuwa imetoka, pamoja na kura zetu za ng'ambo. Akaweka kisu chini.

Akasema pendekezo la kodi ya kuendesha maktaba ya Atieno limeanguka. Kura za ndiyo na za hapana zimelingana sawasawa, na zikilingana, pendekezo limeanguka. Maktaba itafungwa nusu ya juma. Atieno atapoteza nusu ya kazi.

Nikamwambia pole, Mama Atieno, watu wa siku hizi hawapendi vitabu.

Akaniuliza, polepole, upande wa nyuma niliweka alama wapi.

"Upande wa nyuma wa nini?" nikasema.

Akavuta kiti akakaa. Alinitazama machozi yakimtoka, na sidhani yalikuwa ya vitunguu. Yeye alisema ndiyo. Beryl alisema ndiyo. Lile ndilo jambo Atieno alilotaka kunieleza siku ile. Nyuma ya karatasi hakukuwa na tembo wala punda, swali tu.

Sikula. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi. Jaifar akapita, akaniona, akakaa ngazi ya chini yangu bila kuuliza kitu. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Jumatano, 23 Novemba

Wambui aliniambia nisimwandikie Atieno ujumbe, nimpigie. Nikampigia. Nikamwambia kila kitu: kiti, kiapo, upande wa nyuma. Nilisikia watoto wakisoma kwa sauti nyuma yake.

Akasema, "Baba, hukugeuza karatasi?" Hakugomba. Afadhali angegomba.

Nikasema naona haya. Nilimaanisha. Akasema mwakani watalirudisha pendekezo kwa wapiga kura, na ataniomba kitu kimoja tu, nigeuze karatasi. Nikamwahidi kwa Kiswahili, lugha ambayo sote tunaielewa. Nitageuza. Nitageuza hata kama nimesimama.

Akafurahi. Akasema ananipenda. Nikaona huu ndio wakati wa kumuuliza swali la maana, ili nijiandae mapema. Akakata simu kabla hajanijibu, sijui ni mtandao.

Nilitaka tu kujua hiyo maktaba ni ya tembo au ya punda.