Sauti Yangu ya Simu

Jumatatu, 6 Oktoba
Mwanangu Tamsin karudi nyumbani Devon kutoka chuoni! Anasomea udaktari. Si wa sindano, wa maneno. Anataka kurekodi tunavyoongea hapa kijijini. Eti ile ya kusema "kiti kaanguka", kana kwamba kiti ni mtu, ile niliyochapiwa shuleni, si makosa. Eti lugha ikiachwa huru hufuata njia iliyo nyepesi kwa ulimi na kichwa. Akili hizo kazirithi kwa nani? Kwangu! Profesa wake anasubiri sauti moja nzuri Ijumaa. Itakuwa yangu. Si ya jirani yangu Doreen Hext!

Jumanne, 7 Oktoba
Nimevaa shanga, nikaongea mbele ya kinasa sauti. Nimetamka vizuri ajabu! Tamsin kasema hiyo ni sauti yangu ya simu, ile ya kuongelea na meneja wa benki. Eti niongee kawaida. Kisha kaenda kupiga soga kwa Doreen. Karudi anacheka. Atamrekodi Alhamisi. Doreen!

Jumatano, 8 Oktoba
Mpango. Nimempelekea Doreen keki ya matufaha. Nikamnong'oneza kwamba profesa anapenda wanaoongea kama watangazaji wa redio. Kanishukuru, maskini. Kaniita mpenzi, kama tunavyoitana hapa kijijini. Nikaona haya. Nikala kipande cha pili, haya ikapita.

Alhamisi, 9 Oktoba
Balaa! Doreen kaongea kama mke wa lodi. Tamsin kalia jikoni. Asipopata sauti, profesa atahamishia utafiti kijiji kingine, na mwanangu aanze upya. Nikampeleka baa, kwenye mchezo wa kuangusha pini za mbao kwa mpira, apoe moyo. Kinasa sauti kakiweka mezani, kimewashwa.

Pini ya mwisho ikatikisika tu. Doreen, niliyekuwa nacheza naye, akadai pointi!

"Kaanguka wapi, we mwizi?" nikapaza sauti. "Yule pale kasimama, anakutazama!"

"Anakutazama wewe, bibi wee, anashangaa hiyo kofia!" akajibu Doreen.

Baa nzima ikatugeukia. Sisi tukazidi kugombana.

Ijumaa, 10 Oktoba
Profesa kafurahi kupita kiasi! Hajapata kusikia maongezi ya asili kama yale. Katutaka sote wawili, mimi na Doreen. Tamsin kanikumbatia, kasema siri ni kwamba nilisahau kuwa nasikilizwa.

Jumatatu profesa anakuja mwenyewe. Shanga nimeshazing'arisha. Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya kugombana mbele ya kioo, polepole, kwa matamshi safi kabisa.