Mwezeshaji wa Mipaka

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimerudi Biharamulo kutoka semina ya wanawake. Nimekuwa mtu mpya kabisa! Mwezeshaji, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, ametuambia mwanamke anayejithamini huweka mipaka. Husema wazi, bila hasira, halafu hatikisiki. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Muda wote nilikuwa namfikiria Telesfori, mchumba wangu, anayenunua maharage kule Bukiriro, Ngara. Kila akirudi huniletea penzi lake na mfuko wa nguo chafu.

Mchana akaja. Nikasimama mbele yake kama askari. Nikamwambia kuanzia leo sifui nguo zake. Akasema anaheshimu sana msimamo huo. Akaomba beseni. Akaanza kufua soksi moja, taratibu, kwa huzuni. Sabuni inakwisha, soksi haitakati. Nikamnyang'anya. Kwa kuihurumia sabuni tu! Nimefua zote. Lakini moyoni nilikuwa nakataa.

Jumanne, 3 Juni
Nimegundua kasoro ilipo. Somo halijaniingia kwa sababu sijalifundisha. Nitafundisha! Nimempigia mwenyekiti wa kijiji kule Nyabusozi. Shikamoo, marahaba, nikamwomba atangaze: Alhamisi, ukumbi wa kigango, Semina ya Mipaka, wote mnakaribishwa. Akafurahi kupita kiasi. Akasema wananchi wake wameisubiri semina hiyo miaka na miaka. Sikujua wanawake wa Nyabusozi wana hali mbaya hivyo.

Jovitha, mwenye saluni inayotazamana na yangu, akauliza mwezeshaji atakuwa nani. Nikasema mimi. Akacheka mpaka akamvuta mteja wake nywele. Wivu mtupu. Hana mchumba, analala mapema, ngozi inang'aa. Maisha gani hayo?

Alhamisi, 5 Juni
Ukumbi umejaa. Wanaume! Wazee wenye makoti na fimbo. Mmoja, mzee Fabiani, amekuja na jiwe la mpaka wa shamba lake. Amelifunga kwenye baiskeli. Ati ushahidi. Wanawake wachache tu, tena benchi la mwisho kabisa.

Ningeweza kutoroka. Ila nilishafunga kilemba kipya. Nikauliza nani humu ameingiliwa na mtu anayemwamini. Mikono yote juu, na mingine ikaelekezwa kwa jirani. Mzee Fabiani akasimama, akasema mzee Laurian humega shamba lake kila msimu, tuta baada ya tuta. Nikamuuliza kama amewahi kumwambia wazi, bila hasira. Akasema hapana, amemwambia kwa panga tu. Nikamtaka ajaribu. Akamgeukia.

"Laurian, tuta lile ni langu. Linaniuma."

Mzee Laurian akainamisha kichwa. Akasema angeambiwa hivyo tangu mwanzo angesharudi nyuma. Wakashikana mikono! Vigelegele! Mimi mwenyewe machozi yalinitoka.

Ndipo binti mmoja kutoka benchi la mwisho, Justina, akanyoosha mkono. Ana mchumba anayempekua simu na kumchagulia marafiki.

"Mwalimu," akauliza, "na mtu akikubali mpaka wako kwa mdomo, halafu akaendelea vilevile?"

"Basi hajakubali," nikamjibu. "Usimngoje abadilike. Ondoka wewe."

Jibu zuri! Sijui lilitoka wapi. Simu yangu ikaita papo hapo. Nikabonyeza vibaya, sauti ya Telesfori ikajaa ukumbi mzima: chumvi nimeweka wapi, na mashati yake mbona sijayapiga pasi?

Mzee Fabiani akaniuliza, kwa upole sana, huyo ni jirani yangu wa upande gani.

Ijumaa, 6 Juni
Jovitha ameshasikia. Ananipa pole kwa sauti ya msibani. Simjibu. Nina mbinu mpya: wivu. Nimenunua mkungu wa ndizi, nikaufunga utepe mwekundu, nikauweka katikati ya meza. Telesfori alipouliza, nikamwambia umeletwa na mhandisi mmoja anayenihangaikia usiku na mchana. Nikakaa nikisubiri alipuke.

Akaupapasa mkungu. Akasema mhandisi ana moyo mzuri, watu wa aina hiyo ni wa kutunzwa. Kisha akauliza tunapika saa ngapi. Tumepika. Yaani nimepika. Akamaliza, akajinyoosha, akaomba nimkumbushe mhandisi safari nyingine alete na nyama.

Jumapili, 8 Juni
Natoka misa, nawakuta mzee Fabiani na mzee Laurian nje ya nyumba yangu, hapa nyuma ya saluni. Siku hizi hawaachani. Wakasema mwalimu aliyewapatanisha hawezi kuachwa na mgogoro. Walikuwa wameshapima kwa kamba, wameshachimba, na wamepanda miche ya mramura mstari mzima mbele ya mlango. Mramura ndio mti wetu wa mpaka; ukishasimama shambani, huku kwetu hakuna anayebishana tena.

Telesfori huyo, na mfuko wake wa nguo! Mzee Fabiani akamsimamisha.

"Kijana, hapa ni kwa Domisiana. Nguo zako zinaishia hapo ulipo. Tunakwambia bila hasira."

Telesfori akanitazama. Wazee wakanitazama. Jovitha, aliyekuwa akipita, naye akasimama, akanitazama. Kwangu lilihitajika neno moja tu.

"Ruka," nikamwambia Telesfori, "ila usiikanyage miche."

Akaruka. Mzee Laurian akavua kofia kama mtu anayepishana na jeneza.

Jumanne, 10 Juni
Justina amekuja kusuka. Amemrudishia mchumba pete. Alimweleza mpaka wake, jamaa akakubali kwa unyenyekevu mwingi, na jioni ileile Justina akamkamata akiipekua simu yake. Basi akaondoka. Nyumbani wamenuna, shangazi hamsalimii. Yeye ananiambia, "Mwalimu, nimelala usingizi mzima. Nilikuwa nimesahau ulivyo."

Nikamtazama kwenye kioo. Uso mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo. Kisha nikauona wa kwangu juu ya wake. Nikasema ngoja nikachukue rasta stoo. Rasta nilikuwa nazo mkononi. Nimekaa stoo mpaka akaja kuniuliza kama niko mzima.

Alhamisi, 12 Juni
Telesfori amepiga simu kutoka Bukiriro. Anaoa! Si mimi. Anaitwa Marsiana, wako pamoja tangu mwaka juzi. Amesema ameona anieleze wazi, bila hasira, kama ninavyofundisha. Halafu akauliza kama ninaweza kwenda kumsuka bibi harusi.

"Hapana."

Lilitoka lenyewe! Kubwa, mpaka Jovitha akalisikia ng'ambo ya barabara. Telesfori akadhani mtandao una shida, akauliza tena. Hapana! Nikakata simu. Nikamrudia mteja na kitana, akasema nisimguse kwanza.

Jovitha amefunga saluni yake, amekuja na chupa ya chai, ameketi nami mpaka jua likazama. Hakucheka. Akasema yeye aliachwa Ngara na mume aliyekuwa akimpangia hata watu wa kuwaamkia, na alipofika hapa alikaa mwezi mzima akiomba ruhusa ya kutoka kwenye nyumba aliyopanga mwenyewe. Sikuwahi kumuuliza. Nililia begani kwake. Akaniambia neno langu la leo nilitunze, nitalihitaji sana.

Jumatatu, 16 Juni
Nimepona! Nakula vizuri, nalala vizuri, sina kinyongo na mtu. Kuthibitisha hilo, nimemtumia Marsiana ujumbe, mwanamke kwa mwanamke. Nimempa mwongozo mfupi. Kwamba Telesfori hali maharage yaliyolala. Kwamba kola zake hupigwa pasi kuanzia upande wa ndani. Kwamba akinuna huwa ana njaa tu. Ujumbe ulikatika mara kadhaa kwa urefu, ikabidi nimalizie kwa sauti.

Amejibu kwa adabu sana. Ameniita dada. Amesema mambo hayo ni mengi, kichwa chake hakiyashiki. Je, naweza kwenda Bukiriro kumwelekeza kwa vitendo?

Jovitha akauliza kama nina akili timamu. Nikamweleza, tena kwa utulivu, kwamba siendi kama mchumba wala kama mtumishi. Naenda kama mwezeshaji. Akashika kichwa, akavuka barabara, akafunga mlango wake.

Nimemwekea Marsiana masharti kabla sijapanda gari. Siku mbili, hazizidi. Nitaelekeza nikiwa nimekaa kwenye kiti. Amekubali yote! Binti msikivu, atafika mbali. Kaomba tu nikipita sokoni niwachukulie dagaa.

Nimechukua fungu kubwa. Tutakuwa walaji watatu.