Stendi ya Evarist

Jamani, leo nimeaibika. Tena uani kwangu mwenyewe, hapa Buzebazeba, kwenye nyumba niliyoijenga kwa dagaa bila kumaliza darasa la tatu.

Wengi wenu humu kundini hamumjui Evarist. Ni mpangaji wangu, Mrundi, alikuja na wenzake wakikimbia machafuko kwao. Kila jioni hupuliza tarumbeta la kanisani. Mimi Mwislamu, kanisani siendi, lakini ukuta wetu ni mmoja. Nalisikia. Sauti nyembamba, ya adabu, kama mtoto anayeomba uji. Kesho anarudi Burundi na familia yake. Nikataka aondoke na kitu ambacho kila akikishika atasema, hiki alinipa Mzee Rajabu.

Asubuhi nikamkuta anafunga mizigo. "Hilo tarumbeta usipopuliza unaliweka wapi?"

"Kitandani, Mzee. Chini linabonyea."

Nikaondoka. Jibu nimeshalipata: zawadi ni kitu cha kuliwekea.

Huko Mwanga, kwenye duka la vyombo vya muziki, nikajifunza kitu. Kumbe tarumbeta husimama kichwa chini! Mdomo wake mpana unavikwa kwenye kijiti, kijiti kina miguu; wenyewe hukiita stendi. Nikavishika vyote vya humo dukani, nikakunja, nikakunjua, nikauliza mpaka dada muuzaji akatafuta kiti. Kimoja kizito, kinafaa kuwa nanga ya mtumbwi. Kingine miguu mitano. Nikamwambia mafiga ni matatu, na sufuria halianguki. Nikachagua cha miguu mitatu, kifupi, kinaingia mfukoni mwa kanzu.

"Baba, una hakika ni tarumbeta? Hivi vyombo vina ukubwa tofauti."

"Nalisikia kila siku."

"Umeliona?"

"Dada, jogoo wangu namjua kwa sauti. Mpaka nikamtazame?"

(Jumapili nilikuwa namwona Evarist akitoka na furushi refu la blanketi. Nikadhani tarumbeta limo humo pamoja na mkeka wa kusalia. Sikuuliza. Kila dini ina mambo yake.)

Alasiri majirani wakajaa uani kumuaga. Nikasimama, nikahutubia. (Hakuna aliyeniomba.) Nikasema mwenye nyumba wa kweli humjua mpangaji wake mpaka pumzi zake. Nikatoa stendi mfukoni. Wakapiga makofi.

"Basi aliweke tuone," akasema mke wangu, Mama Zuhura.

Evarist akasita. "Mzee, nitaliweka nikifika."

"Weka sasa."

Akaingia ndani, akatoka na lile furushi refu. Akafungua blanketi. Likatoka bomba. Likazidi kutoka. Tromboni, ndugu zangu, refu kama kasia. Akaligeuza kichwa chini, akalishusha taratibu juu ya stendi yangu. Bomba likagusa ardhi kabla mdomo haujafika kwenye kijiti. Likayumba, akalidaka kifuani. Stendi ikalala chali, miguu mitatu juu, kama kuku wa kuchinjwa.

"Mpaka pumzi zake, Baba Zuhura," mke wangu akasema.

Hapo ua mzima ukaangua kicheko. Nami ni mbishi, nikauliza kwa ukali, "Na ile sauti ndogo ninayoisikia kila jioni ni ya nani?"

Evarist akaingiza mkono kwenye mdomo wa tromboni, akachomoa sweta kuukuu. "Ni ya hili hili, Mzee. Huwa naliziba kwa sweta. Siku nahamia ulisema wewe hulala mapema."

Nikaipokea ile sweta, nikaiweka begani.

Nikamwambia apulize bila sweta. Akapuliza. Kuku wakaruka ukuta, mtoto wa jirani akalia, nami kifua kikatetemeka kama nimepanda injini ya boti. Miezi yote hiyo mtu amebana mlio kama ule ndani ya chumba kimoja ili mimi nilale.

Nikainama niokote stendi nikaibadilishe. Akaniwahi. Akaikunja, akaisukuma katikati ya nguo zake.

"Urakoze cane, Mzee. Asante sana. Nikifika nitatafuta tarumbeta linaloitosha."

Kesho chumba chake kitakuwa wazi. Atakayecheka humu asije kuniuliza kodi ni kiasi gani.