Nywila Chini ya Sufuria

Alhamisi, 7 Agosti
Ushindi! Kwaya imenichagua mimi, Mulama wa besi, kutunza nywila ya akaunti yetu ya video. Kweyu wa tenori aliitaka sana. Alidai kwamba kwangu hata ufunguo wa choo hupotea. Wivu tu! Wimbo wa mashindano lazima utumwe Jumamosi, la sivyo mazoezi ya mwaka mzima yamekwenda bure.

Mwizi wa mtaa wetu wa Kariobangi hubeba simu, televisheni, hata nguo mbichi kwenye kamba. Sufuria ya ugali yenye masizi? Thubutu! Nimeichora nywila kwenye masizi ya chini yake kwa msumari.

Ijumaa, 8 Agosti
Akina mama wa kwaya walikuwa wanakuja kunywa chai. Kwa hivyo Asenath, mke wangu, alitoa vyombo vyote nje akavisugua kwa majivu. Nimerudi kutoka kazini nikaona masharubu yangu kwenye sufuria. Inang'aa! Nikajivunia mke. Kisha nikakumbuka.

Mungu wangu. Nimeigeuza sufuria mara tatu: hakuna hata herufi moja.

Jumamosi, 9 Agosti
Kanisani. Kompyuta wazi, kwaya nzima imenizunguka. Nikakiri. Kweyu akasema yeye alijua tu.

Asenath akauliza kama ni yale maandishi ya sufuria. Akasema hawezi kufuta kitu kabla hajakisoma, na alipokuwa akisugua aliyatia sauti. Akafumba macho, akaimba herufi moja moja, polepole, hadi nambari ya mwisho. Akaunti ikafunguka! Wimbo umekwenda. Nililia mbele ya watu. Mwanamke wa ajabu! Ningemuoa tena leo, kama angekubali.

Shida ni kwamba sauti yenyewe ni tamu. Tulipofunga kanisa, alto walikuwa wameshaidaka na Kweyu anatia tenori. Jioni vijana wa boda boda walikuwa wakiipiga mluzi.

Jumapili, 10 Agosti
Nywila imebadilishwa. Kweyu alipinga mimi kupewa tena, lakini Asenath alisema ananiamini. Mbele ya wote! Sitamwangusha.

Safari hii nimechagua kitu kisichosuguliwa. Nimeiandika kwenye utepe na kuufunga mguuni mwa jogoo ambaye Asenath alinunua juzi. Mkali! Ameshamdonoa Kweyu. Nani atamgusa?

Asenath ana furaha leo. Baba yake anafika kesho kutoka Kakamega, mara ya kwanza tangu tuoane. Mke wangu yuko uani, ananoa kisu huku akiimba. Sauti gani hiyo, jamani!