Malalamiko Juu ya Mashine Isiyopiga Kelele

Mtaa wa Mgodini,
Kaskazini mwa Michigan,
2 Februari

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, umeketi hapo ofisini penye joto, ukitafuta makala nyingine ya kuwavurugia watu maisha. Mimi ni msomaji wenu wa miaka arobaini na moja. Nasema hivyo usije ukadhani naandika kwa chuki. Naandika kwa hasira, na hasira yangu ina sababu.

Mwanzoni mwa Novemba mlichapisha ukurasa mzima kuhusu kuchagua na kutunza mashine ya umeme ya kurusha theluji nyumbani. Mwandishi, ambaye hakuthubutu kuweka jina lake, aliwashauri watu wenye akili timamu waache mashine za petroli wanunue za betri. Angesomwa na vijana tu, ningenyamaza. Lakini alisomwa na jirani yangu, Bi Lempi Saarela, mjane wa marehemu Onni, mwenye miaka sabini na mbili. Aliikata makala kwa mkasi, akaibandika kwenye friji, akapima njia yake ya gari kwa hatua kama mlivyoelekeza, na wiki iliyofuata akanunua. Tena alinunua ile hasa inayofaa njia ya changarawe, ambayo meno yake hayagusi chini. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kakosea. Nikakosa pa kuanzia.

Majira sita ya baridi, tangu tumzike Onni, theluji ya Lempi nimeirusha mimi. Hakuniomba. Mtaa huu mjane haombi. Mwenye mashine huamka, huanza kwa mjane, ndipo arudi kwake. Na mjane naye anajua zamu yake. Injini ikizimwa tu, mlango wa jikoni unafunguliwa: "Ingia, Arvo, utaganda hapo!" Mezani pana kahawa na nisu, mkate wetu mtamu wa iliki, umetoka tu motoni. Huo ndio utaratibu wetu, na mmeuvunja ninyi. Sasa sikiliza makosa ya mashine hiyo.

1. Haina sauti. Yangu ikiwaka, mtaa mzima unajua kwamba Arvo Kettunen yuko kazini. Hiyo yake inavuma kama feni. Tarehe tatu Desemba niliamka, nikavaa, nikavuta kamba mara nane mpaka injini ikakubali, nikafika kwake moshi ukinitangulia. Njia nzima ilikuwa safi. Lempi ameegemea mashine yake, anatabasamu. "Umechelewa, mzee. Rudi ukalale." Nikarudi. Sikulala.

2. Haina matunzo. Mwandishi wenu anajigamba kwamba haitaki oili, haina plagi ya kusugua, wala petroli ya kumwaga baridi ikiisha. Sasa mwanamume wa miaka sabini na tano akae gerejini Oktoba nzima afanye nini, atazame ukuta? Hayo matunzo anayoyataja ni ya mtoto mchanga. Betri isilale nje. Isilale gerejini. Isichajiwe ikiwa bado ya baridi. Meno yafutwe kwa kitambaa, bomba la kurushia lipakwe mafuta theluji isinate. Upuuzi mtupu! Yangu inalala uani chini ya turubai na haijawahi kunisumbua, ukiondoa Januari mbili zilizopita, na Februari.

3. Mmemfundisha ujanja. Nilikuwa na tumaini moja tu, nalo ni greda la mji la kusukuma theluji barabarani. Unajua mwenyewe likipita linavyoacha ukuta wa theluji mdomoni mwa kila njia, mzito, mgumu, umechanganyika na barafu. Nikajisemea, hapo kibetri kitakwama, na atakuja kuniita. Nilisimama nyuma ya pazia nikakiombea kikwame. Kweli kikakwama! Nikavaa buti moja. Lempi akazima, akachomoa betri, akachukua kijiti kilichofungwa kwenye mpini, akazibua bomba, akarudisha betri, akaanza kuukata ukuta kutoka juu, tabaka moja moja, neno kwa neno kama mlivyoandika. Mimi nimezibua kwa mkono miaka thelathini na nina vidole tisa, na hakuna gazeti lililowahi kuniandikia makala.

4. Inadhalilisha watu. Waino, yule mwenye duka la vifaa aliyemuuzia, alinipokea mbele ya wateja: "Pole, Arvo! Nasikia umestaafishwa na betri!" Wakacheka wote, na mchungaji akiwemo. Nikawaambia sijali. Nilijali, Mhariri. Kahawa ninayojipikia nyumbani ni maji ya kuoshea sufuria, na nikiimaliza hakuna anayeniuliza kama nililala vizuri. Nilikuwa naulizwa. Miaka sita nilikuwa naulizwa kila theluji ilipoanguka, na huku kwetu inaanguka karibu kila siku.

5. Hili ndilo kubwa, naomba ulisome umekaa. Katikati ya Januari mgongo ulinishika nikawa wa kitandani. Asubuhi ya pili sikusikia chochote, na hilo ndilo lalamiko langu lote! Nikajikokota hadi dirishani. Njia yangu ilikuwa imesafishwa. Ya kwenda saunani, bafu langu la mvuke, imesafishwa. Ya kwenye kuni imesafishwa. Mimi! Nimesafishiwa na mjane, mchana kweupe, Waino akipita na gari lake akipiga honi.

Aliyesafishiwa hufungua mlango wa jikoni. Nikaufungua. Nikasema, "Ingia, Lempi, utaganda." Nilikuwa na samaki wa kopo na mkate mkavu. Akaingia na betri ameificha ndani ya koti kama kifaranga. "Soketi ya jikoni kwangu imeungua juzi," akasema, "na vyumba vingine ni barafu tupu. Hapa kwako pana joto. Ikae hapa." Hakuuliza, alisema. Akaichomeka karibu na jiko langu la kuni, akavuta kiti, akasubiri ijae. Nilijitolea kwenda kuitengeneza hiyo soketi. Akasema haina haraka.

Tangu siku hiyo jiko langu limekuwa chumba cha kulelea betri. Inaletwa kila asubuhi, theluji iwepo isiwepo. Na kwa kuwa mgeni hawezi kulishwa samaki wa kopo daima, nimelazimika, kwa umri huu, kukanda unga. Nisu mbili za kwanza niliwatupia ndege. Ya tatu aliigeuza, akaikagua, akasema, "Chini ni mkaa, Arvo, lakini juu pamepikwa na mtu."

Kwa hiyo nadai, kwa heshima zote: mashine za betri zipigwe marufuku mjini kabla ya baridi ijayo, zilizopo zifungwe honi, mwandishi wa makala ajitokeze, anitazame usoni, aombe radhi, na gazeti lichapishe ukurasa mwingine, wenye upana uleule, wa kuzisifu injini za petroli.

Nisalimie wote hapo ofisini, fundi wa mitambo na yule mama wa matangazo ya vifo, pamoja na mkeo na wakwe zako.

Ni mimi msomaji wenu niliyekosewa,
Arvo Kettunen

Nyongeza: Baada ya kufunga bahasha nimeifungua tena. Toleo la leo, ukurasa wa saba, lina tangazo la chaja mpya inayojaza betri ya aina hiyo kwa nusu saa. Lempi hajaliona, kwa kuwa gazeti lake nimelitoa sandukuni mwake mwenyewe na kulitumia kuwashia jiko. Hayo mengine yote niliyodai unaweza kuyaacha. Ila tangazo hilo nakusihi usilirudie. Yetu inachukua saa mbili kujaa, na hata hizo ni chache.