Uzinduzi wa Daraja la Mto Sorrel

Mheshimiwa Jaji Philander Mudge, Mchungaji Fenn, Kapteni wa mgambo wa kaunti yetu pamoja na farasi wake, wazee mliopigana vita na wazee mnaosema mlipigana, wapiga kura wenzangu wa Missouri, akina mama, ambao sheria haiwaruhusu kupiga kura lakini haiwakatazi kutuchomea huyu nguruwe tunayemnusa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mbwa anabweka.)

Mimi, Kanali Leander Stubbs, niliyezaliwa katika kibanda cha magogo... (Sauti: "Acha uongo, Kanali! Baba yako alikuwa na nyumba ya matofali!") Matofali yale, ndugu yangu, yalikuwa na unyenyekevu wa magogo. (Kicheko.) Nilianza ukarani wa kaunti, nikaenda vita vya mpakani ambako nilijeruhiwa na nyumbu wangu mwenyewe, kisha nikaingia Bungeni kule Washington awamu tatu kwa vyama vitatu, vyote nikivitumikia kwa uaminifu uleule, na kila nilipohama niliwaachia wenzangu hotuba ya saa nne ili wasinisahau. (Mchungaji anasinzia.)

Leo basi, katika mchakato wa utekelezaji wa mpango mkakati wa uvukaji jumuishi, natangaza kwamba kamati yangu, ambayo mwenyekiti wake ni mimi na katibu wake ni shemeji yangu, imekamilisha upembuzi yakinifu kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi ya shemeji.) Ninyi nanyi, kwa desturi yetu ya siku za kazi ya barabara, kila mwanamume alitoa siku sita akakata mialoni na kuikokota kwa maksai, magogo mia mbili na kumi, nami nilisimama kwa miguu yangu kuyashuhudia yakishushwa uani kwangu, kwa ajili ya uhifadhi. (Minong'ono.)

Naam, Mama Tabitha Crull, sema.

("Kanali, mume wangu Silas alikokota magogo hayo wiki nzima. Mwezi Aprili akazama hapahapa kivukoni. Nina watoto wanne, na shule iko ng'ambo. Hebu tuambie, ile veranda yako mpya yenye nguzo nane imejengwa kwa mbao gani?")

Swali zuri sana, mama, nitaliundia kamati ndogo. Veranda ile ni ya majaribio, tunapima kama mialoni yetu inastahimili uzito wa wageni. Naye marehemu hatutamsahau: daraja litaitwa kwa jina lake. Kibao kiko tayari, hiki hapa. (Anakiinua. Hakuna anayepiga makofi.)

Nikisema Maendeleo, semeni Stubbs! Maendeleo! (Mbwa anabweka.) Maendeleo! ("Stubbs," anasema shemeji.)

Nimalizie kwa shukrani za dhati kwa Bwana Ezra Pickett, aliyenibeba mgongoni asubuhi hii akanivusha mto ili nije kuzindua daraja hili. Ezra, mvua imenyesha huko juu na maji yanapanda, njoo uiname twende. Ezra? Kapteni, huyo farasi je? Jamani, mbona mnambeba nguruwe? Mnakwenda wapi?

(Watu wanapanda kilima. Anabaki Mama Crull peke yake. "Vua buti, Kanali. Saa hizi yanafika kiunoni tu. Silas yalimfika shingoni.")